Pini Mbili za Tela

Ndugu waombolezaji, poleni kwa kuupanda mlima, na tunawaomba asiondoke mtu kabla historia hii haijaisha, kwa sababu mwisho wake unawahusu mliokuja kwa tela.

Marehemu Fortunatus Selestini alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, Lisekese, Masasi, akamaliza darasa la saba mwaka 1973, akajifunza ufundi wa vyuma Ndanda, kisha akawa dereva wa chama cha ushirika. Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na Oliva, wakahamia hapa Newala, wakajaliwa watoto watatu, Flora, Reginald, na Salome ambaye bado ananyonya.

Wanunuzi binafsi wa korosho waliporuhusiwa, marehemu alinunua pikapu kuukuu, akaiundia tela ya kupandisha maji na kuteremsha korosho, na ekseli akaiweka nyuma kidogo ya katikati, kama alivyofundishwa, ili sehemu ya mzigo iikalie ndoano ya gari. Kwa hiyo mkono wa tela, ule unaofungwa kwenye ndoano, ulikuwa mzito. Mwishoni mwa mwaka jana alimkuta Oliva, mimba ya Salome imeshakuwa kubwa, akihangaika kuunyanyua, naye aliingia chini ya tela akaisogeza ekseli mbele, na tangu siku hiyo Oliva aliunyanyua kwa mkono mmoja, majirani wakimtania kwamba ameolewa upya. Mzee Bwanali na Bi Sijaona wakaomba tela zao zifanyiwe hivyo hivyo, naye akawafanyia bure.

Lakini mzigo ulipokaa nyuma, tela ilianza kutikisa mkia, na Oliva, akiwa amepakata mtoto, alihisi nyuma ya gari kunanyanyuka kama mtu aliyeshikwa kwapani. Marehemu alipunguza mwendo tu, akaendelea kuitumia.

Jumatano, tarehe 9 Novemba 1994, akiteremka peke yake na magunia ya korosho, tela iliyumba, ikayumba tena kwa nguvu zaidi, ikaivuta pikapu hadi korongoni. Alilazwa hospitali ya Mkomaindo, Masasi, kifua kikiwa kimeumia, na kabla ya kufariki Jumapili alfajiri alimwambia mkewe, "Mama Flora, tela ya Bwanali na ya Sijaona. Ekseli zirudi nyuma. Usiwaache washuke." Oliva akamwambia amesikia, apumzike, lakini marehemu hakukubali mpaka mkewe alipomrudishia maneno yote.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, madereva wenzake waliomtoa korongoni kwa mikono, na Bimdogo, jirani yetu, ambaye hajamshusha Salome mgongoni tangu msiba uingie.

Tela hizo mbili ndizo zilizowaleta wengi wenu, nazo zipo hapo nje. Oliva amezichomoa pini za ndoano, zile zinazoshikilia tela kwenye gari, amezifunga kwenye ncha ya kanga, na Mzee Bwanali amezidai tangu asubuhi bila kupewa. Atakayezipata ni fundi atakayekuja na spana kuzirudisha ekseli nyuma, wengine mtashuka kwa miguu, mtuwie radhi.

Pumzika kwa amani, Baba Flora. Pini zipo.