Bila Vipimo Sishoni

Ndugu jamaa, majirani na mafundi wenzake, mimi ni kaka wa marehemu, na haya ninayowasomea yameandikwa na shemeji yangu, mkewe, aliyeniomba nisiruke hata neno moja, kwa kuwa marehemu aliagiza ugonjwa wake utajwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1989, akiwa kitinda mimba wa mama yetu, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1997 hadi 2003, kisha akapelekwa kwa mjomba kujifunza ushonaji, na mwaka 2010 akafungua chumba chake cha kazi mkabala na kituo cha mabasi, ambako wateja walimwita Vipimo, maana hata ukija na haraka zako na gauni la mfano mkononi, alikujibu, "Bila vipimo sishoni, dada yangu, mwili haudanganyi, mwenye mwili ndiye anayedanganya."

Tarehe 22 Agosti 2015 alifunga ndoa na mteja aliyekuja kupunguziwa sketi, wakajaliwa binti mwaka 2017 na mwana mwaka 2021.

Mwaka huo huo wa 2021 alianza kuona damu chooni, zahanati wakamwambia ni bawasiri, kwa kuwa alikuwa kijana na mwenye nguvu, akapewa dawa ya kupaka bila kupimwa, naye kwa aibu akanyamaza, hadi suruali alizojishonea zilipoanza kumvuka, ndipo mkewe alipochukua tepu yake ya kupimia, akamzungushia kiunoni, akamwambia, "Baba watoto, mwili haudanganyi."

Tarehe 7 Februari 2022 hospitali ilithibitisha saratani ya puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, akapata mionzi na dawa, na tarehe 13 Septemba akapasuliwa na kuondolewa sehemu hiyo, choo kikawa kinatoka tumboni na kuingia kwenye mfuko. Aliporudi kazini alijishonea suruali za kiuno cha juu zenye nafasi ya kuuficha, na wenzake walipomwangalia kwa huruma, akawaambia, "Miaka yote nimewawekea watu mifuko, acheni na mimi niwekewe."

Alishona hivyo zaidi ya mwaka, akamshonea binti yake sare ya darasa la kwanza, tukaamini yamekwisha, lakini Machi 2024 saratani ilionekana kwenye ini, na tarehe 30 Oktoba alifariki, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tunamshukuru daktari aliyempasua, wauguzi waliomfundisha mkewe kubadilisha mfuko bila kukunja uso, majirani waliowalea watoto, na mafundi waliomalizia nguo alizoacha mezani.

Vijana, damu chooni si bawasiri kila mara, msione haya, daktari alisema wengi wanaowahi hupona. Na hapa shemeji ameandika, nami niliahidi kutoruka neno: "Shemeji, wewe ni damu yake, na dalili unazo, Jumatatu uende ukapimwe."

Nitakwenda, shemeji, watu wote hawa wamesikia.

Nawe Vipimo, mdogo wangu, umetajwa kama ulivyotaka, pumzika sasa kwa amani.