Milango Kumi na Minane Kabla ya Chai

Wazee wetu, shemeji yangu, wanangu, majirani na nyote mliofika, nimepewa kazi ya kusoma historia ya kaka yangu kwa sababu katika ukoo wetu hakuna mwenye sauti kama yangu, hata hiki kipaza sauti nakishika kwa heshima tu, ila shemeji ameniomba nisitie chumvi, na nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1963, mtoto wa pili kati ya watano wa baba mwashi na mama mkunga, na mimi nikamfuata miaka minne baadaye, sauti ikiwa tayari. Alianza shule ya msingi mwaka 1971 akamaliza darasa la saba mwaka 1977, katika madarasa yasiyo na milango, mvua ikipiga kutoka uwanjani madaftari yote yanalowa, yeye akavumilia, mimi nikaishia darasa la tano nikasingizia mvua.

Mwaka 1978 aliingia karakana ya mjomba kujifunza useremala, na hakutoka tena. Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na shemeji yangu, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wanne, wa kike wawili na wa kiume wawili, na wajukuu sita ambao wote wanajua kushika msasa.

Sasa nifike mahali panaponihusu. Tarehe 6 Februari 2016 shule yetu iliita mkutano, mti mkubwa wa uwanjani ulikuwa umeanguka na mbao zimeshapasuliwa, nikasimama, mdomo wangu mnaujua, dereva wa lori mzima lakini mdomo hauna breki, nikatangaza kwamba kaka yangu atatengeneza milango ya madarasa yote kumi na manane, watu wakapiga makofi, mwenyewe ameketi nyuma yangu hana habari. Njiani nikamwambia, "Kaka, yale ni maneno ya mkutanoni, watasahau," akanijibu, "Wewe umesema, mimi sikukataa, basi na mimi nimesema." Nikamuuliza muda ataupata wapi na kazi za wateja zimejaa hadi mlangoni, akasema, "Kabla ya chai."

Na kweli, kuanzia kesho yake, kila asubuhi kabla hajagusa kikombe, alifanya kipande kimoja cha mlango wa shule, kuranda ubao mmoja, au kuchonga tundu moja kwa patasi, au kukaza bawaba moja, kisha ananawa anakunywa chai yake, hata siku ya harusi ya binti yake mkubwa alifika ukumbini na maranda kwenye nywele, ndipo watu wakampa jina la Kabla ya Chai. Mlango wa kwanza uliwekwa tarehe 11 Julai 2016, na kila mlango ulipowekwa mimi nilipita mitaani nikisema tumetengeneza.

Tarehe 3 Machi 2020, milango kumi na mitano ikiwa imeshasimama, alipata kiharusi, mkono wa kushoto ukalala. Nikaenda kumwambia sasa hakuna wa kumlaumu, akasema, "Acha hotuba, shika huo ubao." Nilishika siku tatu, siku ya nne nikajitafutia safari, shemeji akashika pale nilipoacha, akashika miaka mitatu, ikatoka milango mingine miwili.

Marehemu alifariki hospitalini Jumatatu tarehe 19 Juni 2023, saa mbili asubuhi. Mlango wa kumi na nane, wa darasa la tano, mbao zake ziko benchini, zimekatwa, hazijarandwa.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi waliomwachia kipande cha msasa kitandani, majirani waliovumilia nyundo alfajiri miaka saba, na mafundi wenzake waliofunga karakana zao leo.

Naona macho yenu, mnasubiri nitangaze habari ya huo mlango, na mdomo unaniwasha kwelikweli, lakini sitangazi kitu. Jumanne niliranda ubao mmoja, ukaenda upande, shemeji akacheka kwa mara ya kwanza tangu msiba, Jumatano nikaranda mwingine, jana mwingine, na leo kabla ya chai nimeranda tena.

Leo ni siku ya nne, kaka. Pumzika kwa amani.