Kasha la Majani Lifunguliwe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa bodi ya maktaba, Mchungaji, walimu wetu, wazazi wenzangu, nanyi watoto mliokaa kwenye zulia: nawasalimu. Na wewe Bi Lorraine, mkutubi wetu unayestaafu leo, nakusalimu peke yako. Nimekuja kushukuru, na nimekuja kukataa jambo moja: kwamba Bi Lorraine akiondoka, saa ya kuwasomea watoto hadithi kila Jumamosi ifungwe kwa kukosa msomaji.

Mimi ni Marcy, mama Nell, wa kwenye banda la kufungasha matufaha. Shule niliiacha mapema. Kwa hiyo Jumamosi zote nilikaa nyuma, karibu na mlango, nikisikiliza.

Nani hapa hajui desturi yetu? Kasha la vitabu vya majira ya majani kupukutika halifunguliwi mpaka mtoto alete jani jekundu la kwanza la mti ulio mbele ya posta. Mwaka jana alilileta Nell, na siku hiyohiyo mafua yakamkausha Bi Lorraine sauti. Akanipa kitabu cha kindi. Nikamnong'oneza kwamba mimi husoma kwa kidole, neno mojamoja.

"Kidole si unacho? Soma, mama."

Nikasoma. Wazazi wengine wakatazama viatu vyao. Katikati nikakwama, nikataka kufunua ukurasa unaofuata niikimbie aibu, lakini Colette, mtoto wa kwa Thibault, akaubana kwa kiganja.

"Usifunue. Hatujampata panya aliyejificha pichani."

"We huoni? Yuko nyuma ya boga," mwenzake akamwambia.

"Hilo sikio la sungura, bwana."

Wakabishana weee, mimi nikipumua. Ndipo Nell akaona kwamba pale jani lilipodondoka, mchoraji ameacha kichipukizi kidogo kwenye tawi. Ni kweli au ni cha kitabuni tu? Bi Lorraine akavaa koti, tukatoka sote hadi posta, tukapapasa matawi ya chini. Vichipukizi vilikuwepo, vigumu, vimejikunyata, vinangoja. Na Nell, ambaye kila mwaka huulilia mti ule akidhani unakufa, safari hii hakulia. Nawauliza, ndugu zangu: ningesoma mbio kama redio, angekiona?

Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa heshima zote, msomaji yupo. Ni mimi. Nitakwama, nitarudia, nitatokwa na jasho, lakini sitaacha. Sisi wakubwa husoma maneno. Hawa husoma picha, na hawana haraka. Waulize wenyewe, wako miguuni pako.

Bi Lorraine, kapumzike. Asante kwa koti ulilovaa siku ile ukiwa na homa.

Na hili hapa, Mheshimiwa, naliweka mezani pako. Nell ameliokota asubuhi hii kwenye mti wa posta. Ni jekundu, ni la kwanza, na desturi unaijua. Tunaomba ufunguo wa kasha.

Asanteni kwa kunivumilia. Jumamosi saa nne asubuhi, zulia lilelile.