Hodi ya Mzee Kasiani

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mzee Kasiani Mkude wa Bigwa, aliyetutoka Jumatatu iliyopita. Ndiye aliyenadi mitumba Mwembesongo, tangu biashara huria iliporuhusiwa na mabelo, yale marobota ya nguo, yakaanza kumiminika. "Shati la bosi, bei ya kibarua!" Nani hakuisikia sauti ile? Hata mimi aliniuzia suruali ndefu kuliko mimi, nikaikunja mara tatu na bado nikamshukuru.

Mwaka 1994 sauti ikaanza kukwaruza. Akasingizia vumbi la mitumba. Kumbe saratani ya koo, wasikilizaji. Saratani. Madaktari Dar es Salaam wakaondoa kikoromeo, akarudi na tundu la kupumulia shingoni. Uhai ulibaki, sauti haikubaki.

Hapo hofu ikamwingia. Kwa jirani utaingiaje bila hodi? Alisimama uani kwa watu, kimya, akingoja aonekane. Siku moja jirani yake, Mama Cecilia, aligeuka akamkuta nyuma yake. Akapiga yowe: "Mchawi!" Kasiani alikimbilia nyumbani kwake, ameogopa kuliko yule mama.

Kliniki, nesi Glory alikuwa na fomu ya kupima jinsi wagonjwa wa koo wanavyoishi na shida ya kuongea. "Baba, kwenye simu watu wanakuelewa?"

Kasiani akaomba kalamu, akaandika: "Mwanangu, simu sina. Niulize hodi. Naogopa siku nitakayoita, asiitike mtu."

Glory alisoma mara mbili. Akaliongeza swali la hodi kwa mkono wake. "Chukua mawe mawili, baba. Gonga mara tatu. Majirani nitawaambia mwenyewe." Na kweli alipanda Bigwa, akawaambia.

Bintiye, Martina, anasema: "Mawe hakuyaachia. Hata kitandani aligonga, ajue kama tupo. Tukichelewa kuitika, macho yanamtoka."

Jumatatu mchana Martina alikuwa bustanini. Mama Cecilia anamenya mihogo kwake, akasikia: ko, ko, ko. "Karibu!" Mlangoni hapana mtu. Ko, ko. Pigo la tatu halikuja.

Akatupa kisu, akakimbilia kwa Kasiani. Alimkuta kitandani anahangaika na pumzi, jiwe moja limeanguka sakafuni. "Nikamshika mkono," anasema. "Nikamwambia karibu, baba, karibu, mpaka akatulia."

Poleni familia ya Mkude. Poleni wana Bigwa na Mwembesongo. Nasi tujiulize, nani amesimama uani kwetu bila sauti, naye anaogopa? Mzee Kasiani aliita. Akaitikiwa.