Marehemu Hafidh Soud, Mwenye Helmeti Mbili

Assalaam alaykum wazee wangu, ndugu na majirani, kabla hatujalinyanyua jeneza tunaomba mtusikilize kidogo, kwani shemeji yangu Bi Mwanapili, mama wa marehemu, ametaka mwanawe asemwe kama alivyokuwa.

Hafidh Soud Nyange alizaliwa hapa Wambaa tarehe 14 Machi 1991, mtoto wa marehemu ndugu yangu Soud, akasoma hapa na kisha Mkoani hadi kidato cha nne mwaka 2009, akawa mchukuzi bandarini, na mwaka 2016, baada ya kujifunza, kufanya mtihani na kupata leseni, akaanza kuendesha bodaboda, kazi aliyokufa nayo.

Alikuwa na helmeti mbili, yake na ya abiria, na abiria asiyevaa hakumpakia, mshikaki wa watu watatu hakuukubali hata kwa ndugu zake, na wenziwe kijiweni walimtania, "Bwana Trafiki, wewe utatuzika sote," naye akiwajibu, "Basi msinipe kazi nyingi."

Tarehe 20 Aprili 2018 alimuoa Bi Ruweida, aliyefika kwa mumewe na helmeti juu ya ushungi, watu wakacheka, wakajaaliwa watoto wawili, Shatha na Soud.

Jumamosi tarehe 8 Februari 2025, katika harusi hizi za Shaaban, pikipiki yake ilikuwa kwa fundi kwa ajili ya taa ya nyuma iliyoungua, akawa anarudi kwa miguu kutoka harusini, Nassor, mtoto wa ami yake, akasimama akiwa na rafiki nyuma, akamwambia, "Panda kaka, tutabanana," Hafidh akakataa, akasema, "Leseni huna, breki huna, nenda zako polepole," nao wakapanda kilima wakimcheka, lakini walipofika juu Nassor akaona vibaya kumwacha kaka yake njiani, akageuza kumfuata, na kwenye mteremko breki zikakataa, pikipiki ikamkumba Hafidh pembeni kabisa mwa barabara.

Gari haikuwapo, na hakuna aliyefikiria kungoja, wakampakia katikati yao juu ya pikipiki ile ile, bila helmeti, hivyo aliyekataa mshikaki miaka yote akafikishwa hospitali kwa mshikaki, kichwa chake kikiyumba mgongoni mwa Nassor.

Daktari alituambia shingo imevunjika, akauliza aliletwaje, tulipomjibu akaandika jibu letu kwenye faili, nasi hatukuuliza zaidi, na alfajiri ya leo, Jumanne tarehe 11, Hafidh akarejea kwa Mola wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta mikeka na maji, na madereva wenziwe wa kijiweni, mliokuja kwa pikipiki zenu nyingi, lakini helmeti tulizoziona hapo nje ni mbili tu, zimetundikwa ukutani, na zote ni zake.

Mimi ninayewasomea ni baba yake Nassor, Bi Mwanapili amesema nisome mimi, asisome mwingine, na sikumuuliza kwa nini, mwanangu amesamehewa naye, lakini polisi bado wanamtafuta, nami tukishatoka mavani nitakwenda na Nassor kituoni, kwa miguu, kwa njia ile ile.

Hafidh, Mola akulaze pema, pumzika baba, safari hii hakuna atakayegeuza kukufuata.