Peres Odero, Aliyetufungulia Milango ya Kangemi

Ijumaa tarehe 31 Julai 2009, Bi. Peres Odero atarudisha funguo za jiko la idara yetu ya chuo hapa Hurlingham, baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi. Barua ya ofisi inasema anastaafu akiwa mhudumu wa chai. Barua hiyo imepunja ukweli, na kosa ni langu mimi Muthama. Nimeomba ukurasa huu nilisahihishe kabla hajatoka langoni.

Mama Quincy, kama sote tunavyomwita, ameona wakuu wa idara wanane wakija na kwenda. Anajua nani hatumii sukari na nani ameamka vibaya anahitaji andazi la pili. Profesa mmoja aliwahi kuiita chai yake maji ya kuoshea vikombe. Wiki nzima alipelekewa maji ya moto matupu, kwa heshima zote, mpaka akaomba radhi.

Mwaka 2003 nilikabidhiwa kozi ya msingi ya Jamii na Utamaduni wa Kenya. Kila mwanafunzi alipaswa kushinda siku nzima katika nyumba ya watu wa kabila lisilo lake. Nikatunga hojaji ya maswali arobaini na mawili, nikaringa nayo kama mtoto mwenye viatu vipya, nikawatuma vijana Kangemi. Lo! Milango ilifungwa yote. Nani atamjibu mgeni kuhusu mfumo wa ukoo wake huku mikono imejaa povu la sabuni? Wengine walidhani vijana wametumwa na kanjo, askari wa baraza la jiji.

Kamati ya mitaala ikatupa muhula mmoja tu: vijana waingie majumbani, au kozi ifutwe. Mama Quincy alinikuta jikoni nimeshika tama. Alisoma hojaji yangu, akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akaniambia, "Mwalimu, mtu hawezi fungulia karatasi mlango."

Yeye ni mkaaji wa Kangemi. Jumamosi iliyofuata aliwakusanya wanafunzi kumi na wanane karibu na soko, akawanyang'anya karatasi zote, akawagawa. Wa Nyeri alikwenda kwa Waluo, wa Kisumu kwa Wakikuyu. Sharti lilikuwa moja: usiulize chochote kabla hujafanya kazi na kula. Walifua, walichambua mboga za sukuma, walibeba maji. Kufikia saa kumi, bila kuuliza, walikuwa wamesimuliwa mpaka kwa nini mama mkwe halali kwa mkwewe.

Dkt. Kibe wa kamati alikuja kukagua, tai shingoni na faili kwapani. Mama Wanjugu, muuza mboga, alimkabidhi kisu na karai la viazi. Alimenya saa nzima, maganda manene ajabu, hadi mama yule akamkumbusha kwamba hachongi kinyago. Daktari alikula sahani mbili. Kozi ikapita.

Basi katika ripoti utaratibu huo wa Mama Quincy niliuita Mbinu ya Muthama, bila kumtaja. Nilipandishwa cheo. Mama Quincy aliniletea chai, akanipongeza kwa moyo mweupe, nami kwa miaka sita nikaendelea kula sifa zake. Naona aibu. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na mimi nimejivua mwenyewe.

Wiki jana kamati ilikubali ombi langu. Kuanzia Septemba, mwongozo wa kozi utasomeka Mbinu ya Peres Odero, naye anatambuliwa kama mkufunzi wa nyanjani tangu 2003. Nilimpelekea ukurasa huo wa mwongozo nikidhani atafurahi tu. Aliusoma polepole, akaomba kalamu, na chini ya jina lake akaandika majina ya akina mama kumi na mmoja wa Kangemi waliowapokea vijana, la Mama Wanjugu likiwa la kwanza.

Tutayachapisha yote. Mwalimu Peres, asante sana. Pumzika vizuri, afya isikupungukie, na sasa wengine wakupikie chai.