Nyumba Isiyokuwa ya Bwana Vaithilingam

Baada ya kuitumikia ofisi yetu ya ramani hapa Colombo kwa miaka thelathini na mmoja, Bwana S. Vaithilingam anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1937. Nimeombwa niandike maneno haya ya kumuaga kwa uchangamfu. Nitajitahidi.

Alikuja kutoka Jaffna, mbali kaskazini mwa kisiwa, akiwa bwana harusi wa miezi miwili. Fomu ya ajira ilimuuliza kama ana nyumba. Kwetu Jaffna mke ndiye huja na nyumba, na hubaki yake mpaka ampe binti yake. Lakini kijana alikuwa na majivuno ya harusi, akaandika kwamba anayo.

Kwa neno hilo akanyimwa posho ya nyumba. Akapanga chumba kimoja mtaa wa Wellawatte, hapa mjini. Mkewe, Sellamma, na mabinti wao wawili waliozaliwa baadaye wasingeenea humo, wakabaki Jaffna. Alikuwa akiwaona mara mbili kwa mwaka.

Kazini hakuwa na mpinzani. Mwandiko wake umo kwenye ramani za wilaya saba, na aliwahi kumwonyesha mkuu wetu, Bwana Pelham, kwamba ua wa nyumba ya mkuu huyo umeingia barabarani. Kila Januari aliandika rufaa, nasi tulimtania: "Kaka Vaithi, mwaka haujaanza kama barua ya nyumba haijatoka!" Alicheka na kuomba wino.

Safari moja Bwana Pelham alimwita mbele yetu.

"Nyumba ni ya mkeo, na mke ni wako. Unalalamika nini?"

"Bwana mkubwa, kwa sheria ya kwetu siwezi kuuza hata kigae chake."

"Lakini ukienda unalala humo."

"Hata mgeni hulala, bwana mkubwa."

Mwaka juzi Sellamma alifariki. Kaka alipofika Jaffna alikuta mwili umeshachomwa kwa desturi yetu, yamebaki majivu. Nina hasira, wala sioni aibu kuiandika hapa.

Februari mwaka huu binti mkubwa aliolewa, akapewa nyumba ile kama ilivyo desturi. Sasa anaishi humo na mumewe, mdogo wake na mama mkwe asiyependa wageni. Kaka akaandika rufaa ya mwisho: hana nyumba hata ya kusingiziwa. Jumatatu jibu lilikuja. Amekubaliwa, na posho itaanza tarehe 1 Julai. Yaani kesho, atakapokuwa si mtumishi tena. Alilisoma mara mbili, akaomba radhi kwa kutusumbua miaka yote hii.

Asante kwa kazi yako, kaka. Tunakuombea uzee wa amani, popote utakapopata pa kulala.